Kutweka na Kutua: Maisha ya Chomboni na Msamiati wa Njia ya Tabora

Mji wa Tabora uko mbali na bahari. Kwa reli, kutoka Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800, na kabla reli haijaufikia mwaka 1912 msafiri aliufikia kwa miguu. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa Ipuli au Kwihara, ambaye hajaona maji mengi kuliko yale ya bwawa la Igombe, akiulizwa njia hujibu kwamba shule iko kaskazini mwa soko na zahanati iko kusini. Majina hayo mawili asili yake ni majina ya pepo. Kaskazi ndio upepo ulioleta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Kusi ndio upepo uliovirudisha, tangu Aprili. Baharia aliyatia majina hayo kiambishi cha mahali, -ni, yakawa pande za dunia, na pande hizo zikapanda njia ya misafara pamoja na chumvi, ushanga na nguo. Leo zimo katika hati za viwanja vya Tabora, na hakuna afisa ardhi anayehisi upepo azitajapo.

Mifano ya namna hii ni mingi, na wingi wake umezaa mazoea katika taaluma ya Kiswahili. Mazoea hayo husema kwamba bahari ni ya pwani, pwani ndiyo iliyotoa, na bara ndiyo iliyopokea. Kamusi za awali zilikusanywa na watu waliokaa Mombasa na Unguja. Usanifishaji ulipoanza, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu zake, na mhadhara huu haukusudii kuupinga. Lakini ulileta hukumu moja isiyotamkwa, kwamba msemaji wa bara ni mwazimaji katika lugha hii. Mwanafunzi wa Kinyamwezi huifikia hukumu hiyo mapema sana shuleni, na wengi huichukua hadi chuo kikuu.

Hoja itakayotetewa hapa ni nyepesi kutamkwa, nzito kuthibitishwa: maisha ya chomboni na maisha ya msafara yalikuwa maisha ya namna moja, mara nyingi yaliishiwa na watu wale wale, na maneno yalipita kutoka majini kwenda nchi kavu na kutoka nchi kavu kwenda majini. Ili kulipima jambo hili, haitoshi kupanga maneno katika safu. Inafaa kuanza na chombo chenyewe.

Tarehe 30 Aprili 1864 meli ndogo iitwayo Lady Nyassa iling'oa nanga Unguja kuelekea Bombay. Ilikuwa imeundwa Uskoti kwa ajili ya Ziwa Nyasa, kwa vipande viwezavyo kubebwa, na ilikuwa ya maji ya kina kifupi, si ya mawimbi ya bahari kuu. Mwenyewe alikuwa David Livingstone. Hakutaka kuiuza pwani kwa kuchelea kwamba ingetumiwa kusafirishia watumwa, akaazimia kuivusha bahari, mwendo wa maili 2,500 hivi, yeye mwenyewe akiwa nahodha. Ilikuwa na mtambo wa mvuke, lakini makaa yaliyopakiwa yalikuwa tani 14 tu. Kwa hiyo safari ilikuwa ya tanga. Ndani yake walikuwamo Wazungu watatu, Waafrika saba kutoka bonde la Zambezi, na wavulana wawili wa Kiyao, Chuma na Wekatani, waliokuwa wamekombolewa kutoka katika msafara wa watumwa mwaka 1861. Miongoni mwa watu wa Zambezi alikuwamo Susi wa Shupanga. Hao walikuwa watu wa mto. Bahari hawakuwa wameijua. Walifika Bombay tarehe 13 Juni, siku ya 45, na chombo kilikuwa kidogo kiasi kwamba kuingia kwake bandarini hakukumshughulisha mtu.

Karibu nusu ya siku hizo hapakuwa na upepo. Hapa ni vema kulitazama neno shwari. Katika hotuba za siku hizi shwari ni sifa: nchi ni shwari, uchaguzi umekwenda shwari. Kwa baharia mwenye tanga, shwari iliyozidi siku mbili ni mkosi. Chombo hakiendi, lakini hakitulii. Mawimbi yaliyotoka mbali hukiyumbisha, tanga likapigapiga mlingoti pasipo kujaa, na maji ya kunywa hupungua kila siku hali masafa hayapungui. Watu wa Lady Nyassa walikuwa na hofu ya ziada, kwani mwezi Juni kusi huchafuka, na chombo cha ziwa kisingeistahimili pwani ya India katika msimu huo. Walingoja upepo huku wakiuogopa. Maana ya shwari tunayoitumia leo ni maana ya mtu aliyesimama ufukoni.

Baadhi ya Wazungu waliugua njiani, na watu wa Zambezi, ambao miezi michache nyuma hawakujua usukani wa baharini, wakaushika kwa zamu. Zamu ndiyo saa ya chomboni. Katika chombo kidogo kinachokaa majini majuma sita, siku haigawanywi na jua wala kwa adhana peke yake. Hugawanywa na zamu ya usukani, zamu ya kukumba maji ya ngama, zamu ya kupika kwenye jiko lililowekwa juu ya mchanga ili moto usile mbao. Mtu hulala pale shehena inapomwachia nafasi. Kila mmoja anajua sauti ya kukohoa ya mwenzake. Ugomvi hauna pa kwenda, maana aliyekasirika hawezi kuondoka akalale kwa jirani, na kwa sababu hiyo lugha ya chomboni hujifunza upesi namna mbili za kusema: amri fupi isiyojadiliwa, na maneno mengi ya upole yanayoipoza amri hiyo baada ya kazi. Nyimbo za kuvutia kamba hufanya kazi zote mbili. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri kwa jahazi la Kuwait kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1938 hadi 1939, alishangazwa na jinsi kila kazi nzito ilivyokuwa na wimbo wake. Asingeshangaa kama angewahi kutembea na Wanyamwezi.

Sasa watazamwe watu hao baada ya bahari. Chuma na Susi walirudi Afrika na Livingstone mwaka 1866. Kuanzia Februari hadi Agosti 1872 walikuwa Unyanyembe, katika tembe la Kwihara nje kidogo ya Tabora. Wao si pekee. Sidi Mubarak Bombay, ambaye jina lake lenyewe ni jina la bandari, alikuwa Myao aliyeuzwa angali mtoto, akavushwa bahari hadi India, akarudi mtu mzima. Huyo ndiye aliyetembea njia ya Tabora na Burton na Speke kuanzia mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, na Cameron mwaka 1873. Watu hawa hawakupokea lugha ya bahari kwa kusimuliwa. Walikuwa wameilalia na kuamka nayo, kisha wakaichukua miguuni.

Burton, aliyeingia Tabora, wakati huo ikiitwa Kaze, tarehe 7 Novemba 1857 baada ya siku 134 tangu pwani, aliandika kwa kirefu juu ya kelele za alfajiri kambini. Miongoni mwa maneno aliyoyanukuu lipo pakia. Hapakuwa na chombo wala punda wa kutosha. Kilichopakiwa ni mabega ya watu. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, ndivyo jina lilivyotamkwa wakati huo, akiwa amevaa manyoya, na karibu naye ilipepea bendera nyekundu, ile ile iliyopepea katika vyombo vya Sayyid wa Unguja. Kwa hiyo mtu wa Ugogo aliyeona bendera hiyo ikija alikuwa akitazama, kwa ishara zake, chombo kilichopanda nchi kavu.

Kulikuwa pia na bahari yenyewe ya nchi kavu. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwapo pori lililoitwa Mgunda Mkali, mwendo wa siku kadhaa, vijiji vichache na maji haba. Hapo msafara uliacha desturi ya kutembea asubuhi na kupumzika mchana. Uliondoka baada ya adhuhuri vibuyu vikiwa vimejazwa, ukatembea hadi usiku, ukalala pasipo maji, ukayafikia siku ya pili. Mwendo huo uliitwa tirikeza. Yeyote aliyepata kungoja kusi au kaskazi anauelewa mpango huo mara moja: huondoki unapotaka, huondoka wakati ambapo kituo cha mbele kinaweza kufikiwa kabla ya maji kwisha. Kuchelewa saa tatu katika Mgunda Mkali kulikuwa sawa na kuchelewa mwezi mmoja Unguja.

Kufikia hapa, mwenye mazoea yaliyotajwa mwanzoni anaweza kuridhika. Bahari imetoa, bara imepokea. Lakini yatazamwe maneno mawili ambayo ndiyo kiini cha kazi yote, ya baharia na ya mpagazi: lile la kuanza na lile la kukoma.

Baharia huanza safari kwa kutweka tanga. Mpagazi huanza kwa kutwikwa mzigo. Mwenzake humsaidia kuuinua hadi kichwani au begani, maana mzigo wa kilo 30 hivi haujitwiki wenyewe mara zote. Baharia anapofika hutua tanga. Mpagazi anapofika hutua mzigo. Kitenzi cha mwisho ni kimoja kabisa, hakuna anayeweza kukitenganisha. Vitenzi vya mwanzo, tweka na twika, vimetengana kwa irabu moja, na kamusi zetu huvitenga kwa ukurasa au kwa namba. Tweka hufafanuliwa kuwa ni kupandisha tanga au bendera. Twika hufafanuliwa kuwa ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Mwanafunzi anayezisoma hupata picha ya kazi mbili zisizojuana.

Isimu linganishi inaonyesha jambo jingine. Kitenzi twika, chenye maana ya kumwekea mtu mzigo, kimo katika lugha nyingi za Kibantu ambazo wenyewe hawakuwa na bahari. Kibemba, kwa mfano, kinacho twika, na kinacho tuula kwa maana ya kuushusha mzigo huo. Kiswahili kimeidondosha l, kama kilivyoidondosha katika fungua na zibua, ndiyo maana kinasema tua. Uhusiano wa twika na tua unafanana na ule wa pakia na pakua, funga na fungua: tendo, na tendo linalolitengua. Mfumo huu ni wa Kibantu na ni wa kale kuliko tanga lolote la pamba lililotwekwa Kilwa. Wasemaji wa Kibantu walipofika ufukoni walikuwa tayari wamekwisha kubeba mizigo kwa vichwa kwa vizazi vingi. Walipojifunza kuinua foromali na tanga zito lililolowa maji, walilitazama wakaliona kuwa mzigo, wakaupa mlingoti kitenzi cha kichwa cha mtu.

Kwa maneno mengine, nahodha ni Mwajemi, bandari ni Mwajemi, sukani na rubani ni Waarabu. Lakini tendo lenyewe la kuondoka na tendo lenyewe la kufika, katika sitaha ya jahazi, yamesemwa kwa lugha ya mpagazi. Inashangaza kidogo kwamba wataalamu waliohesabu maneno ya mkopo katika msamiati wa bahari, na kuyahesabu kwa bidii, walizipa nomino uzito wote na kuviruka vitenzi. Nomino husafiri kirahisi. Kitu kipya kikija huja na jina lake. Kitenzi kinaonyesha ni nani aliyekuwa akifanya kazi.

Uzao wa kitenzi tua nao unastahili kutajwa. Mahali pa kutua mzigo ni kituo. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia yote: hapo misafara ya pwani ilitua, mingine ikageuka kwenda Karagwe na Buganda, mingine Ujiji, mingine kusini kwa Wafipa. Reli ilipokuja ikakuta neno tayari. Leo kuna kituo cha reli, kituo cha basi, kituo cha polisi, kituo cha afya, kituo cha kupigia kura, na hata ile alama ndogo mwishoni mwa sentensi; ndege hutua, jua hutua, na moyo hutua. Wapo wanaolifasiri jina la Bagamoyo kuwa ni bwaga moyo, na kubwaga ni kutua mzigo kwa kuutupa. Wanaisimu huipokea tafsiri hiyo kwa tahadhari, lakini inafaa kukumbuka kwamba kwa Mnyamwezi Bagamoyo ilikuwa mwisho wa mwendo.

Njia ya Tabora haikuishia nchi kavu. Ilifika Ujiji ikaingia ziwani, na hapo ndipo msamiati wa chomboni na wa msafara ulipokutana uso kwa uso. Burton na Speke walilifikia Ziwa Tanganyika Februari 1858. Mwezi Machi Speke alivuka kwenda Kasenge, kisiwa kilicho upande wa magharibi, kutafuta jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Jahazi hakulipata kwa wakati aliouhitaji. Lakini maelezo ya safari yake yana thamani kwa mwanaisimu kuliko jahazi lenyewe. Alisafiri kwa mtumbwi wa gogo moja, watu 26 kwa jumla: yeye, Bombay mfasiri, mpishi Mgoa, askari wawili wa Kibuluchi, wapiga makafi 20, na mkuu wao mmoja. Huyo mkuu, mtu wa ziwa aliyejifunga ngozi ya mbuzi, anaitwa katika maandishi ya Speke kwa neno nahodha.

Speke aliliandika kwa dhihaka, kama kwamba cheo na ngozi ya mbuzi haviwezi kukaa mwili mmoja. Dhihaka hiyo haikuwa na msingi. Nahodha ni mwenye kuamua chombo kiondoke lini, kifuate ukingo gani, kilale wapi, na kivuke wapi. Mtu yule aliyaamua yote hayo, akawaweka watu nchi kavu siku za dhoruba ingawa mgeni wake alikuwa na haraka, na akawavusha wote salama hadi ng'ambo katika ziwa ambalo upepo wake hupanda kwa ghafla kutoka milimani. Neno la Kiajemi lililotoka Siraf au Hormuz au bandari nyingine ya Ghuba lilikuwa limefika mahali pake hasa. Huyo hakuazima cheo; alikuwa na kazi yake tangu kale, na Kiswahili kilimletea jina jipya la kazi ile ile.

Mtumbwi huo ulikuwa na miiko yake. Mabaki ya chakula hayakutupwa majini, kwa kuwa yangewazoesha mamba kufuata chombo. Safari haikujadiliwa ikiwa bado njiani. Kuuliza-uliza umetoka wapi na utafika lini kulihesabiwa kuwa ni kujiitia balaa, jambo lililomsumbua sana Speke aliyetaka kuchora ramani. Rasi ya Kabogo ilipitwa kwa heshima. Cameron, aliyeipitia sehemu ya kusini ya ziwa kwa mashua mwaka 1874, aliona mwongoza chombo wake akilisemesha pepo la Kabogo kwa maneno ya kulitukuza, kisha ushanga ukadondoshwa majini.

Ushanga huo unafaa kutazamwa kwa makini. Ulikuwa fedha ya njia. Kwa ushanga na nguo msafara ulinunua chakula, na kwa vitu hivyo hivyo ulilipa hongo kwa kila mtemi uliyepita katika nchi yake. Hongo wakati huo haikuwa na aibu. Ilikuwa ushuru wa njia, hulipwa mchana mbele ya watu baada ya mabishano ya siku nzima au zaidi, na aliyeupokea aliwajibika kwa usalama wa aliyelipa. Huko Kabogo ziwa lilitozwa hesabu ile ile: nalo ni mtemi, nalo hupokea chake. Watemi walipoondolewa madaraka hayo chini ya Wajerumani, malipo yaliyofanana na yale hayakuwa tena na mwenye haki ya kuyapokea, na neno likashuka hadi maana yake ya leo ya rushwa. Neno posho lilipanda. Lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi, au kipande cha nguo cha kukinunulia; sasa ni posho ya kikao, ambayo hupokewa na watu waliokaa.

Kuhusu malipo, inafaa kusema pale ambapo mfano wa chombo unakwama. Baharia wa jahazi kwa desturi alipata fungu la faida, akipata. Chombo kikikosa, naye alikosa. Mpagazi wa Kinyamwezi alipatana ujira wake kabla ya kuondoka, na hakuwa mnyonge katika mapatano hayo. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na heshima ya kazi yao, na kwamba desturi nyingi za msafara zilizodhaniwa kuwa za Waarabu zilikuwa zao. Tena, chomboni palikuwa na wanaume peke yao, ilhali msafarani walikuwapo wanawake, wakibeba, wakipika, wakigombana na kupatanisha. Halima, aliyekuwa mpishi wa Livingstone, alitembea njia hiyo hadi mwisho. Kambi ilikuwa na watoto waliozaliwa humo. Kwa hiyo Kiswahili cha njia hakikuwa lugha ya amri na bei peke yake, kama inavyosemwa mara nyingi. Kilikuwa lugha ya jikoni na ya kubembelezea, na huenda hii ndiyo sababu kilidumu Tabora baada ya misafara kufa.

Mfano mmoja unaonyesha wazi jinsi tweka na twika zilivyokuwa kazi moja. Novemba 1874 Stanley aliondoka Bagamoyo na mashua iitwayo Lady Alice, urefu wake futi 40, iliyokatwa vipande vitano. Wapagazi walitwikwa vipande hivyo hadi Ziwa Viktoria. Hapo vikaunganishwa, tanga likatwekwa, na baadhi ya watu waliokuwa wameibeba sasa wakabebwa nayo, usukani ukiwa mkononi mwa Uledi. Mwaka 1876, kati ya Juni na Julai, mashua hiyo ililizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51, yaani siku sita zaidi ya zile ambazo Lady Nyassa ilitumia kuvuka bahari. Siku nyingine walikuwa mabaharia, siku nyingine wapagazi, na mzigo wao ulikuwa chombo.

Inabaki habari ya kitambaa kimoja. Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mapema Mei 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili, wakauzungushia nguo, wakautia ndani ya gome la mti, na nje ya gome wakashonea kitambaa cha tanga. Kisha wakaufunga kwenye mti wa kubebea. Mabaharia wawili wa Lady Nyassa walijua kitambaa gani huzuia maji. Neno matanga, kwa umbo ni wingi wa tanga, ndilo ambalo Kiswahili hulitumia kwa siku za kukaa msibani; hapa tanga na matanga yalikuwa mzigo mmoja juu ya mabega.

Walifika Tabora Oktoba 1873 wakamkuta Cameron. Aliwashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele ya Tabora, Kasekera, ilidhihirika kwamba watu wa njiani hawangeruhusu maiti ipite katika nchi yao. Wapagazi wakatengeneza maiti ya uongo, wakaituma irudi Unyanyembe kana kwamba imekwenda kuzikwa, nao wakaufunga upya mwili wenyewe ukawa mfano wa robota la nguo. Tanga likageuka bidhaa. Mwenye kuliona aliona mzigo wa kawaida wa njia ya Tabora, wenye kutwikwa asubuhi na kutuliwa jioni, na hivyo ndivyo ulivyofika Bagamoyo Februari 1874.

Mwaka huo huo Chuma na Susi walikwenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuzihariri shajara za mwisho za Livingstone na kuyasimulia yaliyotokea baada ya kifo chake. Kitabu kilitoka mwaka 1874 kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, masimulizi ya njia hiyo yaliyochapishwa yakasomwa sana ni ya mfanyabiashara, yaani maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, ambaye baba yake alikaa Tabora. Yalitolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Ni maandishi ya thamani kubwa, lakini mwandishi wake ni mtu aliyewatwika wengine.

Kwa mtunga kamusi, kazi iliyopo ni ndogo na inafanyika: tweka na twika viingizwe chini ya shina moja, mzigo utangulizwe, tanga lifuate, na tua iwekewe rejeo kwa vyote viwili, kisha vikusanywe kutoka Urambo, Ujiji na Kigoma vitenzi vya wavuvi na wachukuzi ambao bado wanavitumia, kwa maana injini za mashua na magari ya mizigo zimekwisha kuviondoa vingi kinywani mwa vijana. Krapf aliyakusanya maneno yake Mombasa na Rabai. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na ni katika mwaka huo huo wa 1882 ambapo Chuma alifariki Unguja. Susi aliendelea na kazi ya mito na misafara, akaenda Kongo na Stanley, akarudi Unguja, na huko akafariki mwaka 1891.